Kulala Kifudifudi mbele ya Mgeni

Kati ya kazi ambazo mtu humlipa mwenzake amfanyie, ukandaji ni mojawapo ya chache zisizowezekana mpaka mlipaji avue sehemu ya mavazi yake, alale kifudifudi na kumwachia mgongo mtu ambaye pengine amemfahamu kwa dakika kumi tu. Kwa neno ukandaji inakusudiwa hapa kazi ya kuushika, kuubonyeza, kuuchua na kuunyoosha mwili wa mwingine kwa mikono, kwa mafuta au pasipo mafuta, ili maumivu yapungue, misuli iliyokaza ilegee au kiungo kilichoumia kirudiwe na mwendo wake. Mitaani kazi hiyo huitwa masaji. Hospitalini, katika nchi iliyosomea Kifaransa kama Kongo, huwa ni sehemu ya kazi ya mtaalamu wa viungo ambaye wagonjwa humwita kwa kifupi kine. Na nyumbani hufanywa na bibi anayemkanda mzazi kwa maji ya moto siku chache baada ya kujifungua, pasipo yeyote kufikiri kwamba anachokifanya ni taaluma. Bibi hulindwa na ukoo, na kine hulindwa na koti jeupe pamoja na kuta za hospitali, ila mkandaji wa mtaani hana kinga zaidi ya mikono yake na ada anayotoza, na ndiyo maana swali gumu la maadili ya mguso humwangukia yeye: je, mguso uliolipiwa unaweza kuwa utunzaji wa kweli, au fedha ikishapita hubaki biashara ya ngozi tu?

Swali hilo lina uzito popote, lakini linatazamwa hapa kutoka mtaa wa Bigo, mjini Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, kwa sababu ni vigumu kupata mahali ambapo kulala kifudifudi mbele ya mgeni kunadai mengi zaidi. Anayefungua chumba cha ukandaji katika mtaa kama huo atampokea dereva wa pikipiki ambaye kiuno chake kimepondwa na mashimo ya barabara, mama ambaye shingo yake imebeba kuni na ndoo za maji tangu utotoni, mchimbaji aliyeinama mwaka mzima akichekecha mchanga wa dhahabu, na mkimbizi wa ndani aliyefika kutoka Djugu au Irumu akiwa na watoto na godoro moja. Wote hao huja wakisema kwamba mgongo unauma, na kauli hiyo ni ya kweli, ila mgongo huo una historia, na mkono hauwezi kuuchukua mgongo ukaiacha historia nje ya mlango.

Historia hiyo ni historia ya kushikwa vibaya. Tangu dhahabu ilipogunduliwa huko Kilo mwaka 1903, mwili wa mtu wa Ituri ulihesabiwa kwa mizigo uliyoweza kubeba na siku ulizoweza kuchimba, na wanaume wengi walipelekwa machimboni kwa shuruti. Mkono wa msimamizi ulimgusa mtu kama unavyogusa chombo, kwa kukipima kama bado kinafaa. Karne ilipokwisha, vita vilivyoanza mwaka 1999 kati ya jamii zilizokuwa zimeishi bega kwa bega viliugeuza mwili kuwa kitambulisho, ambamo sura, jina na lafudhi vilitosha kumhukumu mtu. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, hospitali ya kimisheni iliyokuwa tegemeo la eneo zima, ilishambuliwa, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wagonjwa waliokuwa vitandani, waliochaguliwa kwa kabila lao. Katika siku zilizofuata waliokufa Nyankunde walipita elfu moja. Tukio hilo lina maana ya pekee kwa mada hii, kwa kuwa kitanda cha mgonjwa ni mahali ambapo binadamu hukubali kuacha kujilinda kwa sababu amehakikishiwa kwamba mwingine atamlinda, na pale ahadi hiyo inapovunjwa, linalovunjika ni zaidi ya idadi ya watu waliokufa. Anayekumbuka Nyankunde, au aliyesimuliwa na mamaye, anajua kwamba kulala si jambo dogo.

Kwa hiyo mkandaji mwenye busara haanzi kwa kukanda. Humwonyesha mteja mlango ulipo na kumwachia achague upande wa kulaza kichwa, kwani wapo wasioweza kutulia wakiwa wameupa mlango kisogo. Hutoka nje wakati mteja anavua shati na kujifunika shuka. Akirudi, hubisha hodi katika chumba chake mwenyewe. Kisha huyapasha mafuta moto kwa kuyasugua kati ya viganja, kwa sababu mafuta baridi yakitua ghafla kwenye ngozi huifanya misuli yote ijikaze, na huweka mkono mmoja mgongoni, kati ya mabapa ya mabega, akauacha hapo pasipo kuusogeza. Huo mkono usiofanya kitu ndio ufundi wenyewe. Chini yake pumzi hupanda na kushuka, mwanzoni fupi na ya juu juu, kama ya mtu anayesikiliza hatua za watu nje. Baada ya muda, ambao hauwezi kuharakishwa, pumzi moja huja ndefu kuliko zilizotangulia, mbavu hufunguka, na bega lililokuwa limeinuliwa hushuka kwa kiasi cha unene wa kidole. Hapo ndipo kidole gumba huweza kuanza kutafuta, kando ya uti wa mgongo, kile kifundo cha misuli ambacho mteja alikuja kukilalamikia, na hata kikipatikana hakivamiwi. Hubonyezwa mpaka maumivu yaanze, kisha mkono husubiri mwili wenyewe uachie.

Wanafalsafa wa kale waliliwaza jambo hili kwa namna ambayo bado ina msaada. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, alifundisha kwamba mguso ndio hisi ya msingi, kwa maana mnyama anaweza kukosa kuona au kusikia akaendelea kuishi, lakini asiyehisi kwa mguso hawezi kuwa mnyama kabisa. Tena alidai kwamba nyama ya mwili siyo chombo chenyewe cha mguso bali ni njia tu ambayo hisi hupitia kwenda ndani zaidi. Dai hilo la pili, ambalo huwashangaza wasomaji wa leo wenye elimu ya mishipa ya fahamu, mkandaji hulielewa bila taabu, kwa sababu kila siku anagusa ngozi na kujibiwa na kitu ambacho si ngozi. Lakini Aristotle huyo huyo aliongeza kwamba wenye nyama laini wana akili nyepesi na wenye nyama ngumu ni wazito wa akili, na hapo hana budi kukataliwa waziwazi. Mikono inayotunza watu Ituri ni mikono iliyolima mihogo, iliyotwanga na iliyofua kwa sabuni kali, mikono yenye sugu, na sugu hazikuizuia kujua. Mkono mgumu umejifunza kusikia kwa uzito na kwa joto kile ambacho ngozi laini husikia kwa juu, na mteja aliyewahi kushikwa na mkono wa namna hiyo hahitaji kuthibitishiwa kwa hoja.

Karibu zaidi na zama hizi, Husserl na baada yake Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu utambuzi wa hisi, walieleza jambo ambalo kila mtu anaweza kulijaribu: mkono wa kulia ukiushika wa kushoto, ule unaoshikwa unaweza pia kuhisi kwamba nao unashika, na nafasi zao zikabadilishana. Jicho linaweza kutazama lisitazamwe, na sikio linaweza kusikiliza kwa siri, bali hakuna anayegusa asiguswe. Hili lina uzito wa kimaadili ambao pengine wanafalsafa hao hawakuufuata hadi mwisho. Msimamizi wa machimbo, askari wa kizuizi cha barabarani na kila aliyemgusa mwingine kama kitu walitamani kugusa pasipo kuguswa, na ukatili unaweza kuelezwa kama juhudi ya kuuvunja urari huo, yaani mkono unaojifanya haukuhisi kitu. Mkandaji, kwa upande wake, hawezi kufanya kazi asipokubali kuhisi. Akiacha kuguswa na mwili ulio mbele yake, kwa uchovu au kwa mazoea, vidole huendelea kuzunguka kwa mpangilio ule ule na mteja hujua mara moja kwamba ameachwa peke yake mezani.

Hapa fedha inadai kujibiwa. Shaka juu ya mguso uliolipiwa haikutokana na wivu wa watu wa mtaani tu. Bunia ina sababu zake. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe, uliofanywa mjini humo mwaka 2004 na ripoti yake kutolewa Januari 2005, ulithibitisha kwamba baadhi ya walinda amani walikuwa wakifanya ngono na wanawake na wasichana wadogo kwa kubadilishana na chakula au vijisenti. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, mwanamke anayefungua chumba cha masaji anatazamwa kwa macho ambayo hakuyastahili, na mwanamume anayemkanda mwanamke huulizwa maswali ambayo, kusema kweli, ni halali kuulizwa. Kumjibu mwenye shaka kwamba mkandaji ana moyo mwema hakutoshi, kwa sababu moyo hauonekani. Kinachohitajika ni kuonyesha tofauti iliyo katika tendo lenyewe.

Tofauti hiyo hukaa vizuri katika neno amana. Amana ni kitu ambacho mwenyewe humwekea mwingine kwa muda, akijua kwamba kitarudishwa. Anayekipokea ana haki ya kukishika lakini hana haki ya kukimiliki, wala hakipati kwa zawadi au kwa kununua. Katika mguso wa mwaka 2004 kilichonunuliwa ni mwili, na aliyelipa ndiye aliyegusa, na aliyeguswa alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa na nafsi yake. Katika ukandaji mambo hugeuka: anayelipa ndiye anayeguswa, anachonunua ni muda, ujuzi na nguvu za mikono ya mwingine, na mwili wake mwenyewe haumo katika mauzo hata kidogo, bali umewekwa amana kwa nusu saa. Kwa hiyo kuna kipimo ambacho si cha hisia, nacho ni kuuliza kama, mguso ulipokwisha, aliyeguswa anaumiliki mwili wake zaidi au pungufu ya alivyoumiliki alipoingia. Aliyeweza kuinua mkono hadi kifuani tu sasa anaufikisha kichwani, naye amerudishiwa kitu; na kama ng'ombe waliolazwa kwa jirani wakarudi na ndama, amana nyingine hurudi zikiwa zimeongezeka.

Tena fedha yenyewe, ikitazamwa kwa utulivu, ina wema wake ambao wahubiri wengi huusahau. Ndugu anayekukanda bure hukutunza kweli, lakini pia hujipatia neno la kusema, na anayejua maisha ya ukoo anajua jinsi fadhila inavyoweza kugeuka masimango siku ya ugomvi. Mteja aliyelipa ada yake huondoka bila deni, hawezi kukumbushwa mbele ya watu kwamba fulani ndiye aliyemshika alipokuwa hajiwezi, na uhuru huo kwa mtu aliyekwisha kudhalilishwa ni sehemu ya tiba. Lugha ya Kiswahili imelihifadhi jambo hili katika neno moja, kwani mteja ni mnunuzi dukani na pia, kwa maana yake ya zamani, ni mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Aliyelitumia neno hilo hakuona sababu ya kumgawa mtu mara mbili kwa kuwa amelipa na anaumwa.

Lakini je, kipimo cha amana hakimfanyi mkandaji kuwa mtunza bohari tu, mtu wa kupokea na kurudisha? Ili kulijibu swali hili yafaa kumsikiliza mwanafikra aliyezaliwa si mbali na Bunia. Bénézet Bujo, padri wa jimbo la Bunia, alizaliwa Drodro, Djugu, mwaka 1940, akafundisha teolojia ya maadili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, na akafariki mwaka 2023. Katika maandishi yake alipinga msingi wa maadili unaomwanzisha binadamu akiwa peke yake, akiwaza ndani ya kichwa chake kama Descartes alivyotaka, na badala yake akafundisha kwamba mtu huanza kuwapo katika undugu, akiwa ameunganishwa na walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Kutokana na hilo alilipa uzito mkubwa baraza, yaani mazungumzo ya pamoja ambamo neno husikilizwa, hutafunwa na kumeng'enywa kabla ya kukubaliwa. Na mojawapo ya mabaraza aliyoyaeleza ni lile la uponyaji, ambamo mganga humwuliza mgonjwa juu ya uhusiano wake na watu, kwa imani kwamba penye mwili ulioumia huenda pana uhusiano uliovunjika.

Mkandaji anajua ukweli wa fundisho hilo, maana hakuna mgongo unaofunguka ambao mdomo wake haufuati. Katikati ya kukandwa, wakati uso umeelekea chini na hakuna jicho la kumtazama, mteja huanza kusema mambo ambayo hakuyasema kwa mke wake wala kwa padri: nyumba iliyochomwa, kaka asiyejulikana alikozikwa, mkopo, mtoto. Mwenye ujuzi haachi kukanda ili asikilize, kwa kuwa mikono ikisimama maneno nayo husimama kwa aibu. Hupunguza kasi, na hajibu kwa ushauri. Neno lililosemwa humo limo katika amana ile ile ya mwili, na mkandaji anayelitoa nje akalisimulia kwa jirani amefanya jambo lile lile analofanya mkono unaokwenda usikoruhusiwa.

Hata hivyo undugu wa Bujo una jeraha lake, na jeraha hilo limetoka nyumbani kwake mwenyewe. Mwezi wa Aprili 2003 watu wengi waliuawa Drodro na katika vijiji vya jirani, na mauaji ya Ituri kwa jumla yalifanywa na watu waliojua undugu ni nini, waliowapenda ndugu zao, na ambao mpaka wa undugu huo ndio waliougeuza kuwa mpaka wa panga. Ikiwa mtu huanza kuwapo katika undugu, asiye ndugu yuko wapi? Bujo aliliona tatizo hili, na alisisitiza kwamba jamii ya Kiafrika ikifahamika vizuri haifungi mlango kwa mgeni. Lakini hoja iliyobaki vitabuni haiwezi kumlaza mtu kifudifudi. Kinachoweza kumlaza ni jambo dogo linalotendeka katika chumba chenye kitanda, shuka na chupa ya mafuta, pale ambapo mteja anayelitambua kabila la mkandaji kwa jina lake, kama kila mtu Ituri anavyoweza kulitambua, anaamua kuvua shati. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na methali hiyo kwa kawaida husomwa kama maneno ya ukarimu, kwamba nyumba yenye mgeni hupikwa chakula kizuri. Lakini imebeba pia wazo zito zaidi, kwamba kuna uponyaji ambao ndugu hawawezi kuuleta kwa sababu tu ni ndugu, na unaosubiri mkono kutoka nje. Undugu wa aina hiyo hauutangulii mguso, bali hutengenezwa nao, polepole, na unaweza kukosa kutokea kabisa. Huenda hapo ndipo maadili ya Bujo yanapohitaji kusogezwa hatua moja mbele, na hatua hiyo si usaliti kwa mwalimu huyo.

Maandiko ya dini zinazofuatwa Bunia yanaiunga mkono hatua hiyo kwa njia ambazo mahubiri hupita juu juu. Injili ya Marko inasimulia juu ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili ambaye aligusa vazi la Yesu katikati ya msongamano, na Yesu akatambua kwamba nguvu imemtoka, akauliza ni nani aliyemgusa, ingawa wanafunzi waliona kwamba umati mzima ulikuwa ukimsukuma. Msimulizi anatofautisha kusukumwa na kuguswa, na anakubali kwamba aliyegusa na aliyeguswa wote wawili hubadilika, mmoja akipokea na mwingine akitokwa na kitu. Placide Tempels, mmisionari aliyechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, angelitaja neno nguvu kwa haraka na kuliona kuwa ni ufunguo wa fikra zote za Waafrika; lakini Tempels aliandika kutokana na Waluba wa Katanga, akaunyoosha mfano mmoja ufunike bara zima, na Paulin Hountondji alikuwa na haki kumkosoa kwa kuwasemea watu ambao hawakuulizwa. Bila nadharia hiyo bado jambo linabaki: mkandaji aliyewahudumia watu sita kwa siku hurudi nyumbani mikono ikitetemeka, vidole gumba vimevimba, na kichwa kimejaa habari za wengine, na ni wachache wanaouliza yeye hukandwa na nani.

Kanisa Katoliki nalo lina sakramenti inayofanywa kwa mafuta na kidole, mpako wa wagonjwa, ambayo kwa karne nyingi iliitwa mpako wa mwisho na kuogopwa kama tangazo la kifo, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipoirudishia maana yake ya kumtunza anayeugua. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliruhusu kwamba, mahali ambapo mafuta ya zeituni hayapatikani au hupatikana kwa shida, yatumike mafuta mengine yatokanayo na mimea. Kwa nchi ya michikichi ruhusa hiyo si jambo la kiutawala tu. Ina maana kwamba mafuta yale yale ambayo mama hununua sokoni na kumpaka mtoto aliyetoka kuoga yanaweza, yakibarikiwa, kuwa ishara ya Mungu kumgusa mtu, na kwamba mstari kati ya mguso mtakatifu na mguso wa nyumbani haukuchorwa kwenye chupa. Wanasheria wa Kiislamu, kwa njia yao, walilikaribia suala hili kutoka upande wa mipaka: asiye maharimu hagusi, isipokuwa haja ya tiba ikilazimu, na hapo ruhusa huenda hadi pale haja inapoishia na haiendi mbele zaidi. Wengine huiona kanuni hiyo kuwa ni kizuizi, lakini mkandaji makini ataitambua kama kanuni ya kazi yake mwenyewe, kwani kila sehemu inayoguswa lazima iwe na sababu inayoweza kutajwa kwa sauti mbele ya mteja.

Mipaka ya mguso ilifundishwa kwa ukali zaidi na ugonjwa. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, ukaingia Ituri, na hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Kwa kuwa virusi hivyo huenea kwa majimaji ya mwili, yaani damu, jasho, matapishi na mengineyo, ugonjwa uliwapata kwanza wale waliotunza, mama aliyemfuta mtoto, muuguzi, na waliomwosha maiti. Watu waliacha kupeana mikono, wakasalimiana kwa kiwiko au kwa mkono uliowekwa kifuani, na katika milango ya mji kulikuwa na ndoo za maji yenye klorini na vipima joto vilivyoelekezwa kwenye paji la uso. Katika miezi hiyo mkandaji aliyepata mteja mwenye homa na kukataa kumgusa, akampa maji ya kunywa, akakaa mbali kidogo na kumwelekeza kituoni, alikuwa bado akifanya kazi yake, maana kutogusa kuliingia ndani ya utunzaji.

Na hata hapo binadamu hawakukubali kwamba mgonjwa aachwe. Katika mji wa Beni, Kivu Kaskazini, vilitumika vyumba vya plastiki angavu, vyenye mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, ili muuguzi aweze kumshika mgonjwa bila kuvaa vazi zima linaloficha uso; na Beni pamoja na Butembo watoto waliotenganishwa na mama zao walilelewa na watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, wakaweza kuwabeba na kuwalaza vifuani. Kati ya picha zote za miaka ile, hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu: walioweza kugusa ni wale waliokwisha kuguswa na ugonjwa wenyewe. Mtu anayewaza juu ya ukandaji Bunia hawezi kuipita, kwa sababu wengi wanaofanya kazi ya kutunza miili mkoani humo wana makovu yao, na ujuzi wao wa pahali pa kusimamisha mkono haukutoka darasani peke yake.

Kovu ndilo jambo la mwisho la kuangaliwa kwa karibu. Kwa mtu aliyekatwa panga, mara nyingi hukaa begani, kisogoni, au upande wa nje wa mkono ule uliokuwa ukijikinga, na tishu zake, yaani nyuzi ambazo mwili ulizifuma kwa haraka ili kuziba jeraha, hushikamana na nyama iliyo chini mpaka ngozi isiweze kuteleza na kiungo kishindwe kujinyoosha. Tiba yake inajulikana: kovu halibonyezwi katikati, bali huanzwa pembeni, ngozi nzima iliyo jirani ikisogezwa kwa vidole viwili kwenda na kurudi, kwa dakika chache kila mara, kwa wiki nyingi, hadi kingo zianze kuachia. Vivyo hivyo kwa kigutu cha mguu uliokatwa, ambacho hufundishwa upya kuguswa kwa kitambaa laini kwanza, kisha taulo, kisha kiganja, wakati mwenyewe bado anahisi kuwashwa kwa vidole ambavyo havipo. Injili ya Yohana inasimulia kwamba Tomaso alitaka kutia kidole katika majeraha ya mfufuka, na wachoraji wengi wamemchora kidole kikiwa ndani; lakini maandishi hayasemi popote kwamba aligusa. Yanasema tu kwamba mwenye majeraha aliyatoa mwenyewe, akamwalika.

Mwaliko huo hauwezi kuombwa kwa fomu inayotiwa sahihi mlangoni, ingawa fomu ina kazi yake. Mteja aliyekubali kukandwa mgongo hajakubali bado kukandwa kovu, na aliyekubali wiki iliyopita anaweza asikubali leo, kwa sababu usiku risasi zimesikika upande wa Djugu au kwa sababu ni mwezi ule wa mauaji. Mkono huteremka kutoka shingoni, hupita kwenye bapa la bega, hufika kwa upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa kovu, na kusimama. Mkandaji huuliza kwa sauti ya kawaida, ile ile aliyoulizia kama mafuta yana joto la kutosha, kisha husubiri. Siku ya kwanza jibu mara nyingi huwa kimya, na bega hujikaza kidogo chini ya kiganja. Basi mkono huzunguka, ukahamia bega la pili na kuanza tena pumzi ilipo.